Tumeipima: Universal Credit ya Uingereza kwa mpangaji aliyeachishwa kazi

Mpangaji akipoteza kazi Uingereza na pango linamsubiri mwisho wa mwezi, mlango wa msaada ni karibu mmoja tu: Universal Credit, malipo ya serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo. Housing Benefit ya zamani, iliyokuwa ikiombwa kwenye halmashauri, sasa imebaki hasa kwa waliofikia umri wa pensheni ya serikali na wanaoishi katika aina fulani za makazi ya muda au ya uangalizi. Wengine wote wanafungua akaunti kwenye tovuti ya GOV.UK, na msaada wa nyumba unakuja kama sehemu mojawapo ya malipo ya mwezi, juu ya posho ya kawaida ya kujikimu.

Kama huduma ya kupokea maombi, Universal Credit ni nzuri kuliko inavyosemwa. Fomu inaeleweka, unaweza kuijaza kwa simu ya mkononi, na kila ujumbe unaoandika au kujibiwa unabaki ndani ya akaunti ukiwa na tarehe yake. Kama huduma ya kulipa pango, tunaipa nusu. Inalipa kwa kalenda yake, wala si ya mwenye nyumba, na kwa viwango vyake, wala si vya soko. Asiyejua hilo anaweza kupoteza msaada wa mwezi mzima kwa kubonyeza kitufe cha mwisho siku chache mapema.

Kabla ya lolote, tazama kibali chako cha ukaazi. Kikiwa na maneno "No public funds", yaani huruhusiwi misaada ya umma, usiombe Universal Credit. Ni hela za umma kwa mujibu wa sheria za uhamiaji, na kuiomba kunaweza kuharibu viza yako ya sasa na ombi lako lijalo. Wengi hawajui kwamba New Style Jobseeker's Allowance, posho ya asiye na kazi, haimo katika orodha hiyo, kwa sababu inatokana na michango ya National Insurance uliyokatwa kwenye mshahara. Hata hivyo mwenye viza ya kazi inayomfunga kwa mwajiri mmoja ana hesabu nyingine za kufanya, na aone mshauri wa uhamiaji kwanza. Kama ni mume na mke na mmoja tu ndiye mwenye sharti hilo, mwingine anaweza kuomba, ila atalipwa kwa kiwango cha mtu mmoja huku mapato na akiba za wote wawili zikihesabiwa. Hapo pia ushauri kwanza, fomu baadaye.

Sasa kalenda, maana ndiyo kiini cha huduma hii.

Siku unayotuma ombi ndiyo inayoanzisha mwezi wako wa tathmini. Ukituma tarehe 21 Juni, mwezi wako unaanza 21 Juni hadi 20 Julai, na utakwenda hivyo kila mwezi. Malipo huingia ndani ya siku 7 baada ya mwezi huo kufungwa, ndiyo maana watu husema wiki 5. Mshahara wowote unaoingia kati ya tarehe hizo mbili unahesabiwa, hata kama ni wa kazi uliyoifanya kabla ya kuomba. Kinachoangaliwa ni siku uliyolipwa, na mfumo unaipata moja kwa moja kutoka kwa taarifa ambazo mwajiri huzipeleka mamlaka ya kodi.

Chukua mtu mmoja wa miaka 36, hana mtoto wala ulemavu. Kazi imeisha 20 Juni, mshahara wa mwisho wa pauni 1,900 baada ya makato utaingia tarehe 28. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 posho yake ya kawaida ilikuwa pauni 400.14. Tuseme msaada wa nyumba unaomhusu ni pauni 600. Jumla ni 1,000.14. Akituma ombi tarehe 21, mshahara ule unaangukia ndani ya mwezi wake wa kwanza, na kila pauni 1 ya mshahara inapunguza msaada kwa senti 55. Asilimia 55 ya 1,900 ni 1,045. Anapata sifuri. Akisubiri mpaka 29 Juni, mshahara umeshapita, na mwezi wake wa kwanza wa tathmini hauna mapato. Atalipwa 1,000.14 mwanzoni mwa Agosti. Amechelewa siku 8, ameokoa msaada wa mwezi mzima.

Lakini usiifanye hiyo kuwa kanuni ya kila mtu. Mwenye mtoto, au mwenye hali ya kiafya iliyothibitishwa kwamba inamzuia kufanya kazi, ana kiasi cha mshahara kisichoguswa kwanza, ambacho kwa 2025/26 kilikuwa pauni 411 kwa mwezi kama analipiwa nyumba, kwa hiyo hesabu yake huenda ikaangukia upande mwingine. Ambaye mshahara wa mwisho ni mdogo, pauni 300 tu kwa mfano, hana sababu ya kungoja. Na ambaye mwajiri atamlipa vipande vipande, mshahara Juni kisha fedha za likizo na za notisi Julai, akae na karatasi na kalamu kabla ya kuamua, kwa sababu fedha za likizo na malipo ya notisi ni mapato kama mshahara. Mwulize mwajiri swali moja, kwa maandishi: ni tarehe gani nitalipwa malipo ya mwisho, na yana vipengele gani?

Kama ulishatuma ombi na umeletewa sifuri, usikate tamaa. Ndani ya miezi 6 unaomba tena kupitia akaunti ile ile, maswali yakiwa machache. Ila lazima wewe ndiye uombe, haitajifungua yenyewe.

Upande wa pili wa kalenda ni ukatili wa kuchelewa. Malipo ya nyuma hayazidi mwezi 1, na sababu zinazokubaliwa ni chache: ugonjwa, ulemavu, hitilafu ya mfumo na zinazofanana na hizo. "Sikujua kama ninastahili" haimo. Anayekaa miezi mitatu akila akiba kwa kuona haya hatarudishiwa kitu.

Kiinua mgongo cha kupunguzwa kazini ni habari tofauti: kinahesabiwa kama akiba. Akiba ya chini ya pauni 6,000 haina athari. Kuanzia hapo, kila pauni 250 au sehemu yake inakukata pauni 4.35 kwa mwezi, kwa hiyo aliyebaki na pauni 9,000 anakatwa 52.20. Ukizidi 16,000 hupati chochote. Akiba ni pamoja na fedha zilizo katika benki za nje ya Uingereza, na kiwanja au nyumba ya nje isiyokuwa makazi yako. Unaruhusiwa kulipa madeni yako, likiwemo deni la pango, na hilo halichukuliwi kuwa ujanja wa kupunguza akiba. Kugawia ndugu fedha ili ushuke chini ya 16,000 ndiko kunakochukuliwa hivyo, na utahesabiwa kana kwamba bado unazo.

Hapo ndipo ile New Style Jobseeker's Allowance inapofaa. Haiangalii akiba wala mshahara wa mwenzi wako. Inataka uwe umechangia National Insurance ya kutosha katika miaka 2 kamili ya kodi inayohusika, inalipwa kwa muda usiozidi miezi 6, na kwa 2025/26 ilikuwa pauni 92.05 kwa wiki kwa mwenye miaka 25 na zaidi. Ukiwa na Universal Credit pia, inakatwa pauni kwa pauni, kwa hiyo haikuongezei jumla. Faida yake ni kwamba hulipwa kila wiki mbili, yaani unapata kitu cha kushika wakati wa zile wiki 5. Ni ombi la pekee, lina fomu yake. Usidhani limo ndani ya Universal Credit.

Ombi lenyewe halina maajabu. Unafungua akaunti kwa barua pepe, unajibu maswali, unathibitisha utambulisho mtandaoni au, ikishindikana, kwa kwenda na nyaraka Jobcentre, ofisi ya serikali ya ajira, kisha unakutana na mshauri wa kazi na kukubali makubaliano ya kutafuta kazi. Wanaoomba kama wenzi wanafungua akaunti mbili na kuziunganisha kwa namba ya siri. Kukosa miadi ya kwanza bila kutoa taarifa kunaweza kufunga ombi zima. Mwenye shida ya Kiingereza anaweza kuomba mkalimani kupitia simu ya bure, 0800 328 5644, na Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wana huduma ya kumshika mtu mkono mpaka malipo ya kwanza. Kwa England namba yao ni 0800 144 8444.

Kinachokwamisha pango ni ushahidi, na hapa huduma inakosa subira. Aliyepanga kwa halmashauri au shirika la nyumba hana kazi kubwa, kwa sababu mwenye nyumba anathibitisha kiasi kwa njia ya mtandao. Mpangaji wa mtu binafsi lazima aonyeshe mkataba wenye majina ya wapangaji wote, anwani kamili pamoja na msimbo wa posta, kiasi cha pango na kinalipwa kila baada ya muda gani, tarehe ya kuanza, jina na anwani ya mwenye nyumba au wakala, na saini za pande zote mbili. Mkataba usio na saini ya mwenye nyumba ndio unaorudishwa mara kwa mara. Uliokwisha muda unatia watu hofu bure: kama unaendelea kuishi na kulipa, upangaji unaendelea kisheria. Ongeza barua ya mwenye nyumba ya mistari mitatu ikisema bado unaishi hapo na pango ni kiasi gani, pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha malipo ya karibuni. Njia hiyo hiyo ndiyo inayomfaa aliyepanga kwa maneno matupu.

Kama pango lako lina umeme, gesi, maji au intaneti ndani yake, mwombe mwenye nyumba akuandikie mchanganuo. Vitu hivyo havilipiwi na msaada wa nyumba, na kiasi kisichochanganuliwa kinaleta maswali, na maswali yanaleta mwezi usio na pango.

Wanaoishi kwa ndugu wasome hapa mara mbili. Ukipanga chumba katika nyumba anamoishi mzazi, mkwe, mtoto, kaka au dada yako, hulipiwi hata kama unamlipa kwa risiti. Binamu, mjomba na shangazi hawamo katika orodha ya ndugu wa karibu, lakini lazima upangaji uwe wa kweli: kiasi kinachojulikana, malipo yanayoonekana benki. Pango la kupeana mkononi sebuleni ni gumu kulithibitisha.

Kosa jingine dogo lenye gharama ni la kuandika vipindi. Pango la pauni 120 kwa wiki ni 120 mara 52 kugawa kwa 12, yaani 520 kwa mwezi. Wenye nyumba wengine hukusanya kila wiki 4, pauni 480. Ukiandika 480 kwenye kisanduku cha "kila mwezi" umejipunja pauni 40 kila mwezi, na hakuna atakayekushtua, kwa sababu 480 ndiyo inayoonekana kwenye benki yako. Chagua "kila wiki 4", mfumo utahesabu wenyewe. Mkiwa wapangaji wawili wasio wenzi kwenye mkataba mmoja, pango linagawanywa sawa kwa sawa. Na ukihama, kinachotazamwa ni pango ulilonalo siku ya mwisho ya mwezi wa tathmini: hilo ndilo linalolipwa kwa mwezi wote. Kuhamia nyumba ya bei nafuu siku mbili kabla ya mwezi kufungwa kunakuachia nyumba ya zamani bila mtu wa kuilipia.

Tukija kwenye kiasi, hapa ndipo alama zinaposhuka. Mpangaji wa mtu binafsi halipwi pango lake bali kiasi kidogo kati ya pango hilo na kiwango cha eneo kinachoitwa Local Housing Allowance. Kiwango hicho kiliwekwa ili kifikie asilimia 30 ya chini ya pango za eneo. Kilisasishwa Aprili 2024 kisha kikagandishwa, huku pango zikiendelea kupanda. Tafuta cha kwako kwa msimbo wa posta kwenye kikokotoo cha LHA-Direct kabla ya kupiga bajeti yoyote. Vyumba vinahesabiwa kwa kanuni: watoto wawili wa chini ya miaka 10 wanalala pamoja, wa jinsia moja wanalala pamoja mpaka wafike miaka 16, na hakuna anayelipiwa zaidi ya vyumba 4. Asiye na mwenzi wala mtoto na hajafika miaka 35 anapewa kiwango cha chumba katika nyumba ya kushirikiana, hata kama amepanga nyumba nzima peke yake, isipokuwa ana misamaha kama ya ulemavu mkubwa au ya waliolelewa na serikali. Kijana wa miaka 29 mwenye pango la 650 na kiwango cha 450 anajikuta akitoa pauni 200 kwenye posho (400.14 kwa 2025/26) iliyokusudiwa chakula, umeme na nauli. Hiyo si hitilafu ya ofisi yoyote, ndivyo huduma ilivyoundwa.

Wapangaji wa halmashauri na mashirika ya nyumba wanahesabiwa pango lao halisi, ila chumba 1 cha ziada kinapunguza asilimia 14, na viwili au zaidi asilimia 25.

Kuna pia dari ya jumla ya misaada. Kwa wenzi au wenye watoto ni pauni 1,835 kwa mwezi nje ya London na 2,110.25 ndani ya London, na kwa mtu peke yake 1,229.42 na 1,413.92. Aliyetoka kazini ana kinga isiyotangazwa vya kutosha: kama alikuwa akipata kiwango kilichowekwa (pauni 846 kwa mwezi kwa 2025/26) kwa miezi 12 mfululizo kabla ya kazi kuisha, dari haimgusi kwa miezi 9. Kama kinga hiyo inakuhusu na bado umekatwa, andika kwenye akaunti uombe ihesabiwe, ukiambatanisha hati za mishahara.

Pengo kati ya pango na msaada unalipeleka halmashauri. Kwa muda mrefu mfuko huo uliitwa Discretionary Housing Payment. Kwa England, kuanzia Aprili 2026 kazi hiyo imeingizwa kwenye Crisis and Resilience Fund, ambayo nayo inagawiwa na halmashauri. Si haki ya moja kwa moja, kwa hiyo ombi linaloonyesha mapato, matumizi, barua ya deni na mpango wako wa kutoka kwenye pengo ndilo lenye uzito. Njia nyingine ni kupangisha chumba kwa idhini ya mwenye nyumba: malipo ya mpangaji mdogo anayeishi nawe hayahesabiwi kuwa mapato kwenye Universal Credit. Na msisahau kwamba Council Tax, kodi ya halmashauri, haimo ndani ya Universal Credit. Punguzo lake linaombwa halmashauri kwa fomu ya peke yake, siku ile ile unayoomba huku kama inawezekana.

Kwa zile wiki 5 unaweza kuchukua malipo ya awali mpaka asilimia 100 ya makadirio yako. Hayana riba, ila ni deni. Pauni 1,000.14 kwa miezi 24 ni kama 41.67 kila mwezi. Omba baada ya pango lako kuthibitishwa, la sivyo makadirio yanaweza kuja bila sehemu ya nyumba. Tangu 30 Aprili 2025 makato ya madeni mengi yamewekewa kikomo cha asilimia 15 ya posho ya kawaida, kama pauni 60 kwa mtu mmoja wa miaka 25 na zaidi kwa 2025/26. Chukua kiasi cha pango na chakula tu.

Mwandikie mwenye nyumba mapema, kabla siku ya pango haijapita: umeomba lini, malipo yanatarajiwa lini, utalipa nini sasa. Inasaidia hata mahakamani. Kwa England, chini ya Renters' Rights Act ya 2025, kuanzia 1 Mei 2026 sababu ya lazima ya kumfukuza mpangaji kwa deni inataka deni la angalau miezi 3, na kiasi ambacho hakijalipwa kwa sababu tu msaada wa nyumba haujaingia hakihesabiwi. Hifadhi picha ya ukurasa wa akaunti unaoonyesha tarehe ya ombi.

Fedha zinakuja kwako, si kwa mwenye nyumba, isipokuwa Ireland ya Kaskazini ambako kawaida humwendea yeye na posho hulipwa mara mbili kwa mwezi. Scotland unaruhusiwa kuchagua vyote viwili. England na Wales mwenye nyumba anaweza kuomba alipwe moja kwa moja deni likifika miezi 2, na wewe unaweza kuomba kabla ya hapo kama una sababu, mfano madeni mengine au ulevi. Asiye na mpango huo aweke agizo la kudumu benki siku moja baada ya malipo kuingia.

Siku chache kabla ya malipo, taarifa ya mchanganuo inaonekana kwenye akaunti. Tafuta mstari wa nyumba. Ukikosekana, ina maana pango halijathibitishwa, na ujumbe mfupi unafaa kuliko malalamiko marefu: "Nilipakia mkataba tarehe 3 Julai. Mstari wa nyumba haupo. Naomba uthibitishwe na nilipwe kuanzia 29 Juni." Kama uamuzi wenyewe ndio mbaya, una mwezi 1 wa kuomba uangaliwe upya, kisha mwezi 1 mwingine wa kwenda baraza la rufaa. Na ukiadhibiwa kwa kuacha kazi mwenyewe bila sababu nzuri, adhabu ya mara ya kwanza inaweza kufika siku 91, lakini inakata posho ya kawaida. Sehemu ya nyumba inabaki, kwa hiyo endelea kuripoti kila badiliko na usifunge akaunti kwa hasira.